Kisigino cha sungura: kidonda kiko mguuni lakini shida iko sakafuni

Kibibi ni sungura wangu wa kike, mweupe mwenye madoa ya kijivu mgongoni, kilo tatu na kitu hivi, na siku nliyoona kisigino chake ndio siku nlianza kujifunza haya yote. Nlikua nimekaa chini sebuleni, hapa kwetu Tudor, Mombasa, nimempakata mgongo wake ukiegemea tumbo langu, nataka tu kumkata kucha. Nikageuza mguu wa nyuma wa kushoto nikaona pale chini ya kisigino manyoya hayapo, pana duara jekundu kama ukubwa wa shilingi moja, ngozi inang'aa, na katikati kuna kigaga kidogo cheusi. Mguu wa kulia manyoya yalikua yamelala na kuchakaa lakini ngozi bado nzima. Na siku zote hizo alikua anakula, anakuja mbio mlangoni akisikia mfuko wa matembele unatikisika, hakuonyesha chochote. Sungura ndivyo alivyoumbwa, huko porini anayeonyesha kuumwa ndiye anakamatwa wa kwanza, kwa hiyo anaficha maumivu mpaka yamzidi.

Nikafanya kile ambacho wengi wangefanya. Nikaenda duka la dawa za mifugo nikapewa ile dawa ya zambarau ya kupaka, nikapaka asubuhi na jioni, nikamrudisha tunduni. Wiki moja baadaye kigaga kimekua kikubwa na mguu wa kulia nao umeanza kuwa mwekundu. Nikaongeza kupaka. Ilikua ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa sababu kila nikimaliza kupaka nlikua namrudisha pale pale palipomuumiza, kwenye tundu la waya barazani.

Hapo ndipo watu wengi wanakwama kwa hiki kidonda, na ndio nataka tupaelewe vizuri. Tunakiangalia kama kidonda cha kawaida, mnyama amejikata, vijidudu vimeingia, paka dawa kitapona. Sivyo. Hiki kinaletwa na uzito wa mnyama mwenyewe. Kama umewahi kuuguza mzee wa kitandani unajua, asipogeuzwa ngozi ya mgongoni na ya nyongani inaharibika hata kama shuka ni safi na anaogeshwa kila siku. Mfupa uko juu, kitanda kiko chini, ngozi imebanwa katikati, ile mishipa midogo ya damu inazibwa, damu haifiki, na ngozi isiyofikiwa na damu inakufa pole pole. Kisigino cha sungura ni hivyo hivyo, mfupa juu, sakafu chini, na katikati kingozi chembamba sana. Vijidudu vinakuja baadaye, vinakuta mlango ushafunguka. Mara nyingi ni bakteria aina ya stafilokokasi, ambao wanaishi juu ya ngozi siku zote wala hawana neno mpaka ngozi ipasuke.

Sasa mbona paka hapati? Paka na mbwa wana ile nyama nene laini chini ya nyayo, ile nyeusi au ya waridi ukiibonyeza inabonyea. Sungura hana kabisa. Yeye ana manyoya tu, mazito na yamesokotana, ndio viatu vyake. Asili ya huyu mnyama tunayemfuga ni kule Uhispania na Ureno, kwenye udongo na nyasi, anachimba mashimo, anakimbia. Akikanyaga udongo laini kucha zinazama ardhini na uzito unagawanyika, vidole vinabeba sehemu yake na kisigino sehemu yake. Mweke kwenye simiti au taili, kucha hazina pa kuzama, zinasukuma vidole juu, na uzito wote unarudi nyuma kwenye kisigino. Na kucha zikiwa ndefu ndio inazidi, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na tundu zuri kabisa lakini kucha hajakata miezi minne na kisigino kinaumia kwa hilo tu. Angalia kila mwezi hivi, kata ncha tu, usifikie ile sehemu ya waridi ndani ambayo ina damu, na kama kucha ni nyeusi mulika na tochi ya simu kutoka upande wa pili utaiona.

Kuhusu waya nshaona watu wakibishana mpaka wanakosana, mmoja anasema waya ndio unaua miguu, mwengine anasema ana sungura kumi juu ya waya miaka mitatu na hakuna hata mmoja mwenye kidonda. Wote wanasema kweli, na ukielewa kwa nini utakua umeelewa ugonjwa wenyewe. Tundu la waya lilianza kwa ufugaji wa nyama, kinyesi na mkojo vidondoke chini, mnyama abaki mkavu, na ukavu ni faida ya kweli kwa mguu. Waya wenyewe kama ni mnene na matundu yake ni madogo, kama nusu inchi kwa inchi moja, hauzami sana kwenye nyayo. Na sungura wa nyama haishi hata miezi sita, anachinjwa mdogo, mwepesi. Lakini wa nyumbani unataka akae na wewe miaka minane, kumi hata, azeeke, anenepe kidogo, viungo vikakamae. Waya uliomvumilia mtoto wa kilo moja haumvumilii mama wa kilo nne. Na wengi wetu hapa hatununui ule waya mnene, tunatengenezewa na fundi wa mtaani kwa waya wa kuku au kofitrei, ule wavu wa kuanikia kahawa, mwembamba, unabonyea katikati, na sungura anakaa hapo hapo palipobonyea siku nzima kwa sababu tundu ni dogo hana pa kwenda. Aliyeniuzia Kibibi aliniambia ati waya ndio bora kwa sababu hutasumbuka kusafisha. Ni kweli sikusumbuka, aliyesumbuka alikua yeye Kibibi.

Kuzaliwa nako kunachangia, si kila sungura ana bahati moja. Wale wakubwa wakubwa kama Flemish Giant kutoka Ubelgiji, anayeweza kupita kilo sita, au New Zealand White, ambaye licha ya jina lake alitengenezwa Marekani, uzito unawaponza. Kuna na Rex, wale wenye manyoya mafupi kama mahameli, walioanzia Ufaransa mwaka 1919, uzuri wao wote ni kwamba yale manyoya marefu magumu ya juu hayajitokezi, na hayo ndio yangelinda nyayo. Ukifuga Rex chukulia tu kwamba visigino ni kazi ya maisha yake yote. Halafu kuna unene tunaowaletea wenyewe kwa mapenzi, kipande cha mkate, hamri la asubuhi, biskuti ya mtoto. Sungura akila ngano na sukari ananenepa, na zaidi ya hapo tumbo linavurugika anahara uji uji, uji ule unaganda kwenye nyayo. Chakula chake ni nyasi, nyasi kavu kwa wingi iwepo mchana na usiku, hata ile Boma Rhodes ya ng'ombe ni nzuri kama haina ukungu, na majani mabichi kidogo, matembele, majani ya karoti. Pitisha vidole ubavuni, mbavu zinatakiwa uzihisi bila kubonyeza kwa nguvu.

Sasa tuje kwa Mombasa yetu, kwa sababu maelezo mengi ya sungura yameandikwa na watu wa nchi za baridi na hapa mambo yanabadilika. Sungura hatoki jasho, joto lake analitoa kwa masikio, na likishapita digrii 28 anaanza kuhangaika. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, tunaona anahema, tunamuonea huruma, tunatoa nyasi na blanketi zote ili akae kwenye simiti baridi. Nia ni nzuri lakini hapo tumemtoa kwenye joto tukamtia kwenye kidonda, kwa sababu kukiwa na joto haruki, anakaa pahali pamoja saa nyingi, na pahali penyewe ni pagumu. Cha kufanya ni umpe pote pawili achague mwenyewe, kipande cha taili kwenye kivuli cha kunyoosha tumbo, na pembeni yake kitanda laini kikavu, na chupa ya maji yaliyoganda umeifunga kitambaa aiegemee. Akijinyoosha kwa ubavu kwenye taili uzito hauko kwenye visigino, huo si ubaya. Ubaya ni akiwa hana pengine.

Halafu masika yakiingia, Aprili na Mei, ndio unyevu. Nyasi uliyoitandika asubuhi jioni imeshika maji hata kama hajaikojolea, blanketi halikauki, ukuta wa nyuma ya tundu unatoka jasho. Ngozi iliyolowa inakua laini kama ya vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa, inachubuka kwa kitu kidogo tu, na mkojo wa sungura una ukali wake unaunguza. Ndio maana kuna sungura wanaokaa kwenye nyasi laini kabisa na bado wanapata kidonda, ulaini upo ukavu haupo. Mimi siku hizi nafanya jaribio dogo, nachukua karatasi ya tishu kavu nabonyeza kwa kiganja pale anapolala nahesabu mpaka kumi, ikiinuka na unyevu natoa kila kitu. Na jaribio la ugumu ni goti lako mwenyewe, piga magoti hapo alipo, goti tupu, kaa dakika tano. Ukitamani kuinuka jua yeye yuko hapo tangu alfajiri.

Kitanda chenyewe hakihitaji vitu vya kuagiza. Siku moja bibi wa jirani alinikuta barazani nimeshika mguu wa Kibibi nauangalia, nikampa shikamoo yake, akainama naye akaangalia, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Hebu mtoe huyo kwenye chuma umpe jamvi." Nikamwambia, "Bibi, atalitafuna." Akasema, "Na atafune, si mwaa tu, si majani hayo?" Akaenda ndani akanikatia kipande cha jamvi lake la zamani. Na ni kweli, huko ng'ambo watu wananunua mikeka ya nyasi za majini kwa ajili ya sungura, na sisi mkeka na jamvi vimetuzunguka. Ila mambo mawili uyashike. Moja, uwe mweupe usiotiwa rangi, kwa sababu atautafuna kweli na rangi ile itaingia tumboni. Pili, jamvi peke yake juu ya simiti halitoshi, linapunguza kukwaruza tu lakini uzito bado unakuta ugumu chini. Weka kwanza blanketi iliyokunjwa mara nne au nyasi kavu nene kama kina cha kiganja, halafu jamvi juu. Uwe na majamvi mawili, moja liko ndani lengine liko juani.

Leso kuukuu zinafaa kwa kufunika blanketi, zinafuliwa na kukauka haraka, lakini peke yake leso ni nyembamba, na angalia akiwa mlaji wa nguo, nyuzi ndefu zinaweza kumfungia utumbo. Gunia la katani liache, ni kali kwa ngozi. Zulia nalo watu wanadhani ni laini, lakini zulia la plastiki ngumu linasugua manyoya ya nyayo mpaka yanaisha kwa joto la kusuguana, na yale yenye vitanzi yanakamata kucha. Maranda ya seremala yanafaa kwa choo kama ni ya mbao tupu na si vumbi, lakini uliza fundi, kama anapasua mbao za gundi au zilizotiwa dawa usichukue. Msonobari mbichi wenye harufu kali nao usimwekee.

Na choo chenyewe kiangalie sana kuliko kitanda, kwa sababu sungura hupenda kula huku amekaa chooni, anaweza kukaa hapo saa nzima anatafuna. Mimi naweka magazeti chini, maranda juu yake, halafu nyasi kavu nyingi mpaka inafurika, na natoa yote kila siku, masika mara mbili.

Tuje kwenye kuangalia mguu wenyewe, kwa sababu hapa kuna hofu nyingi isiyo na maana na pia uzembe mwingi. Kaa chini sakafuni, si kwenye kiti, muegemeze tumboni kwako, mkono mmoja kifuani kwake na mwengine umeshika makalio barabara. Usimuinue kwa masikio hata siku moja, na usimwache miguu ya nyuma inaning'inia, akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Puliza manyoya ya kisigino yafunguke. Sungura wengi wa nyumbani utakuta pana kipara kidogo, ngozi kavu, ngumu kidogo, rangi ya waridi iliyofifia, na manyoya ya pembeni yanaifunika akikaa. Hiyo ni sugu, kama ile sugu ya kifundo cha mguu ya mtu aliyeswali miaka mingi, haiumi, iache. Usiikwangue wala usiilainishe na mafuta ukaichubua, hiyo ndio ngao yake sasa. Piga picha tu, mwezi ujao piga nyengine, ulinganishe, macho yanasahau.

Kinachotakiwa kukushtua ni kipara kinachopanuka, wekundu mkali, ngozi inayong'aa, joto ukigusa, kigaga, damu, au uvimbe. Kuanzia hapo inaenda chini tu usipofanya kitu. Ngozi inapasuka, kigaga kinafunika, na chini ya kigaga usaha unaanza. Usaha wa sungura si maji maji kama wetu, ni mzito kama jibini, hautoki wenyewe hata ukitoboa, unakaa humo ndani unachimba. Ukifika kwenye mfupa ni maradhi mengine, na kuna kano inayopita nyuma ya kisigino inaweza kuhama mahali pake, ikishahama sungura hasimami tena sawa maisha yake yote. Akiwa na maumivu utaona anahamisha uzito mguu huu mguu ule, anainua vidole, anaegemea mbele kwa mikono, anakaa kwenye kona hataki kuruka, anasaga meno kwa sauti kubwa. Kule kusaga kwa sauti ndogo akikunwa kichwa ni raha, hiki cha nguvu macho yamefumba nusu ni maumivu.

Kuna kitu kimoja kinachochanganya sana watu hapa, ni upele. Upele wa sungura unaletwa na wadudu wadogo wasioonekana, nao unaweza kuweka magaga miguuni, kwa hiyo mtu anaona gaga la mguu anaenda kuchoma sindano ya aivamektini. Angalia pahali. Upele unapenda vidoleni, karibu na kucha, puani na kingo za masikio, na mnyama anajikuna na kujing'ata, hata wewe unaweza kuanza kuwashwa. Kidonda cha kukaa kiko chini ya kisigino, hakiwashi, pua na masikio ni safi. Sindano ya wadudu kwenye kidonda cha uzito haifanyi kitu, na mgonjwa anapoteza wiki mbili tatu ambazo hana.

Kutibu sasa. Kama ngozi haijapasuka, ni nyekundu tu, dawa ni yote nliyosema huko juu, laini, kavu, kucha fupi, uzito upungue, nafasi ya kutembea, basi. Kutembea ni dawa kweli, akiruka anasimama kwa vidole, kisigino kinapumzika na damu inapita. Mtoe saa tatu nne kwa siku, alfajiri na magharibi ndio wakati wanapenda wenyewe na jua limepoa. Kama una kiuanja chenye nyasi, kikavu, bila paka wa mtaani, hicho kinashinda kila kitu.

Ngozi ikishapasuka, osha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina pole pole usisugue, au aodini umeizimua mpaka ifanane na strungi nyepesi, yaani chai isiyo na maziwa. Kausha vizuri, kwa kupapasa na kitambaa safi, hakikisha na manyoya ya pembeni yamekauka. Osha nyayo tu, sungura mzima haogeshwi, anaweza kuingiwa na mshtuko akafa. Gaga lisilo na uvimbe usilibandue. Ile dawa ya zambarau sasa siipaki tena, inapaka rangi kila kitu na sioni kama wekundu unapungua au unaenea. Na chochote unachopaka jua kitalambwa, kwa hiyo krimu za binadamu za kupunguza muwasho zenye steroidi ni hatari kwake, zile za kutia ganzi vile vile, na zenye zinki usizipake pahali anapofikia ulimi.

Hapa nisikilizeni kwa makini jamani. Kuna antibayotiki ambazo sungura akipewa kwa mdomo zinamuua, si mfano wa maneno, zinamuua. Amoksilini, ampisilini, klindamaisini, linkomaisini. Utumbo wake unategemea bakteria wema wa kusaga nyasi, hizi zinawafagia, wabaya wanajaa na kutoa sumu, anaharisha na ndani ya siku chache hayupo. Ni hizo hizo vidonge vinavyolala kwenye droo ya kila nyumba. Mimi nlipewa dukani na mtu aliyekua na hakika kabisa, ati nimvunjie nusu kwenye maji, na wallahi kilichoniokoa ni kwamba nlichelewa nikauliza kwanza. Daktari wa mifugo anayejua sungura ana antibayotiki nyengine zinazofaa, na penisilini yenyewe kuna wakati anaitumia kwa sindano chini ya ngozi kwa sababu haipitii tumboni kwa namna ile, lakini hiyo ni kazi yake yeye. Ana na dawa ya maumivu, meloksikamu mara nyingi, kwa kipimo cha sungura. Iombe asipoitaja. Sungura mwenye maumivu haondoki, asipoondoka anakalia kidonda, na pia anaacha kula, na sungura asiyekula tumbo linasimama. Akipitisha muda wa saa 12 bila kula au bila kinyesi usingoje asubuhi.

Peleka kwa daktari pia ukiona uvimbe, usaha, harufu, anachechemea, au wiki mbili zimepita umebadilisha sakafu na hakuna nafuu. Atataka eksrei kujua kama mfupa umeguswa, ni gharama ndio, lakini bila hiyo anatibu kwa kubahatisha. Na usisahau nzi, hapa kwetu mnyama mwenye kidonda na mkojo kwenye manyoya nzi wanatagia mayai na funza wanatoka kabla ya siku kuisha, kwa hiyo wakati wa ugonjwa mgeuze umwangalie nyuma mara mbili kwa siku.

Bandeji ndio kitu nlichokosea vibaya zaidi. Nlidhani nafunga laini, nikakaza ili isivuke, asubuhi nikakuta vidole vimevimba kama zabibu na ni baridi, nikakata kwa mkasi mikono inatetemeka. Alhamdulillahi damu ilirudi. Bandeji ya kisigino inasaidia kweli ikifungwa na anayejua, inaweka mto kuzunguka kidonda ili uzito ukae pembeni, lakini inabadilishwa kila siku moja au mbili, na ikilowa mkojo inatolewa saa ile ile. Kama huwezi hayo ni bora kitanda kinene bila bandeji. Nlivyorudi kwa daktari alimfunga yeye mwenyewe mara nne, akanionyesha, vidole viwili vya ncha vinabaki nje vionekane, uviguse kila mara uone ni vya moto.

Ilichukua karibu miezi mitatu. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote, gaga lile lile, na hapo ndipo mtu anakata tamaa anaanza kubadilisha dawa, lakini ngozi isiyo na damu nyingi inapona kwa mwendo wake. Wa pili gaga likadondoka lenyewe kwenye jamvi, chini yake ngozi ya waridi nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Tundu la waya nlilitoa, fundi akalipasua, fremu yake ya mbao ndio uzio mdogo pale baraza ya nyuma, chini blanketi, juu jamvi la bibi. Mguu wa kulia umeota manyoya yote. Wa kushoto haujaota mpaka leo, pamebaki duara kavu la sugu, nalipiga picha kila mwanzo wa mwezi, na la mwezi huu ni dogo kidogo kuliko la mwezi uliopita.